Amri ya Bibi Vasli

Wifi yangu Salvika aliingia kwangu bila kubisha, mchana wa kuamkia sikukuu ya Mguu wa Kondoo. Akakung'uta theluji kwenye viatu vyake vya sufu, akakaa mezani, uso kama wa mtu aliyelambishwa shubiri.

"Kanituma kisimani," akasema.

"Nani kakutuma?"

"Yuko mwingine? Mama yako. Ndoo zimejaa mpaka zinamwagika, na bado kanituma nikachote nyingine."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mama yangu, Okaliche, ndiye mpishi wa chapati za tabaka anayesifiwa kijijini petu na hata ng'ambo ya mto. Chapati hiyo tunaiita komanmelna, na bila hiyo kwetu hakuna sala wala sikukuu, si ya kupanda, si ya kuvuna, wala hii ya katikati ya baridi, mwezi unapoandama baada ya ile siku fupi kuliko zote. Tabaka la chini ni unga mweusi wa nafaka ya rai uliokandwa na yai. La kati ni uji mzito wa unga wa oti uliochachuka kwa mtindi. La juu ni chenga za shayiri zilizolala usiku kucha ndani ya malai ya maziwa. Hayo kila mtu anayajua, na bado chapati ya kila mtu hutoka kama ndara. Ya Mama hutoka laini, inameremeta siagi, na ukiikata unayaona matabaka yake yamelaliana kama kondoo kwenye baridi.

Salvika aliolewa na kaka yangu Izibai miaka kadhaa nyuma, na kwa muda wote huo hakuwahi kuiona chapati hiyo ikipikwa hadi mwisho. Tabaka la kwanza aliliona. La pili aliliona. Likifika la tatu, Mama hukumbuka jambo. Maji yameisha. Kuku wanapiga kelele. Hebu mwanangu nenda zizini, nimemsikia ng'ombe akikohoa.

"Ng'ombe anakohoa," Salvika akasema, akijimiminia chai yangu. "Mwaka jana niliamini, wifi. Nilisimama zizini namtazama ng'ombe mzima wa afya, ananitazama na yeye, mpaka chapati zikaiva."

"Si umwombe tu akufundishe."

"Nilimwomba. Akaniambia, 'Mwanangu, utachoka bure.' Kwa huruma kabisa. Na huko nje wanawake wananiita mkaza mwana wa sufuria baridi."

Hilo la sufuria baridi lilikuwa kweli, nami nilijua nani alilianzisha, lakini si mahali pake hapa.

Nilimtazama vile alivyonuna, wazo likanijia. Usiku wa mwezi kuandama, kwetu hupita nyumba kwa nyumba Babu Vasli na Bibi Vasli, wamegeuza makoti ya ngozi ya kondoo manyoya nje, wamejitia vibyongo na kufunika nyuso kwa vinyago vya magome. Wanabariki kondoo, wanawasema wavivu, wanakagua nani kasokota uzi na nani kalala. Wakisema jambo, mwenye nyumba hutii, na hakuna ruhusa ya kuwakasirikia. Kinga ya mwenye nyumba ni moja tu: akikutambua na kulitaja jina lako, unavuliwa kinyago hapo hapo, na unamchotea maji mpaka theluji iyeyuke.

Babu Vasli wa kijiji nilikuwa mimi, kwa sababu nina sauti nene na sina haya. Bibi Vasli alikuwa awe jirani yangu, lakini asubuhi hiyo jino lilimvimbisha shavu hata kinyago hakikuingia.

"Wifi," nikamwambia Salvika, "unajua kutembea kama kikongwe?"

Alielewa mara moja. Uso ukaanza kukunjuka, kisha ukasita. "Na akinitambua? Nitachota maji mpaka theluji iyeyuke."

"Sasa hivi unafanya nini?"

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Nipe hilo koti."

Tulimtumia Izibai ujumbe kwamba mkewe kaumwa kichwa na amelala kwangu. Kisha tukaanza kazi. Nilimfunga mto mgongoni, nikamvisha viatu vya mume wangu ili alama zake kwenye theluji zisimseme, nikampaka masizi mikononi. Sauti ndiyo iliyotutesa. Salvika ana sauti nyembamba kama sindano. Nikamwambia aitoe tumboni. Ikatoka kama ya kondoo mwenye mafua. Tukaona ni ajabu ya kutosha, tukaiacha hivyo.

Jua kwetu msimu huo halikawii kutua. Chai ya alasiri ilikuwa bado ya moto tulipotoka, na juu ya msitu mwezi umeshajitokeza, mwembamba kama ukucha. Watoto walitufuata wakiomba njugu. Nyumba ya kwanza Salvika alitetemeka tu. Nyumba ya pili alimwamuru kijana mmoja mvivu ajenge vichuguu vya theluji uani, virefu, ili marundo ya nafaka yawe marefu vivyo hivyo, na kijana akatii. Kufikia nyumba ya tatu ilibidi nimvute koti kumtoa, maana alikuwa anamhoji baba wa watu kwa nini mkewe anachanja kuni peke yake.

"Wifi, hii tamu," akaninong'oneza njiani.

"Subiri," nikamwambia. "Bado hatujafika."

Mama alikuwa ameketi kando ya tanuri letu la matofali, lenye kitanda cha joto juu yake, kitambaa kipya kichwani, mshumaa wa nta mezani. Izibai alikuwa mezani pia, anakula, kama kawaida ya Izibai. Mama akainuka na kuinama kwa heshima zote.

"Karibuni wageni wa mbali. Mmetoka wapi?"

"Mwezini," nikasema kwa sauti ya pipa. "Kondoo wa huko wanawasalimu. Wanasema mwaka huu watazaa mapacha, mkitulisha vizuri."

"Basi tuwalishe," Mama akasema.

Akaleta sinia la maandazi ya kuchemsha, yale yanayokunjwa kwa umbo la mwezi mchanga na kusukwa ukingoni kama mkia wa nywele. Ndani huwa nyama ya sungura na kitunguu, au jibini. Lakini hakutuachia tuchague. Alimwekea Bibi Vasli moja mkononi, na mimi moja mkononi, kisha akarudi kukaa na kukunja mikono mapajani.

Salvika alipitisha lake chini ya kinyago, akauma. Nikaona mabega yake yameganda.

"Limeiva, Bibi?" Mama akauliza kwa upole.

"Limeiva," Salvika akajibu, na safari hii sauti ilikuwa ya kikongwe kweli kweli. Baadaye aliniambia lilikuwa pumba tupu na pilipili manga, kiasi cha kutosha chungu kizima.

"Mungu Mkuu Mweupe ashukuriwe. Ongeza jingine."

Nami nikauma langu. Meno yakagonga kitu. Nikakisukuma kwa ulimi hadi shavuni, nikakizungusha. Kilikuwa kifungo. Tena si kifungo cha hivi hivi. Kilikuwa cha koti langu mwenyewe, kile kilichodondoka nyumbani kwa Mama wakati wa mavuno na ambacho aliapa hajakiona.

Kwa hiyo alikuwa anajua, na alijua kabla hatujakanyaga ua wake, maana andazi halijikunji lenyewe. Nilimtazama Salvika ili nimwonye, lakini kinyago hakina macho ya kukonyeza, naye machozi ya pilipili yalikuwa yamempofusha. Nikatafuna andazi kuzunguka kifungo, nikasubiri Mama ataje majina yetu. Hakuyataja.

Salvika alipopata pumzi aliigonga fimbo yake sakafuni.

"Nani anapika chapati za wageni kesho katika nyumba hii?"

"Mimi, Bibi."

"Huna mkaza mwana?"

"Ninaye."

"Anafanya kazi gani?"

"Anachota maji."

"Maji mengi namna hiyo, mnafuga samaki?"

Izibai alicheka hadi akapaliwa. Mama hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mshtakiwa mwema.

"Mkaza mwana wangu ni mtoto mzuri, Bibi. Sina la kumsema. Ila akikanda unga, anaukanda kama mtu anayemtimua paka. Na akiimba jikoni, maziwa yanaganda yenyewe, hatuhitaji mtindi. Na kusikia, masikini, hasikii vizuri. Nikimwita mara moja haji. Labda ndiyo sababu ya kichwa kumuuma."

Mto ulikuwa unamteleza Salvika mgongoni, si kwa sababu nyingine bali kwa jinsi alivyokuwa anapumua. Nikaona niingilie.

"Na binti?" nikauliza. "Nasikia unaye binti, mrembo, mchapakazi, anakaa nyumba ya pili."

"Huyo," Mama akasema, "huja akisikia harufu ya siagi. Ukimwomba akupukuchulie njegere, ana shughuli. Ana ulimi mrefu kuliko barabara ya wilayani, lakini mkono wa kushonea kifungo hana."

Kifungo kikanigonga jino.

"Tuulize mwenye kula," Mama akaendelea, na sasa niliona amestarehe, anaufurahia ushindi wake. "Huyu mwanangu anakula vyakula vya wote wawili. Izibai, mweleze Bibi Vasli. Mkeo anapikaje? Usiogope, hayupo."

Ndugu yangu Izibai ni mtu wa nguvu na roho safi. Anaweza kuinua ndama. Lakini kumtambua mkewe mwenyewe chini ya mto na ngozi ya kondoo, hilo halikuwa katika uwezo wake. Aliweka kijiko chini na kufikiri kwa dhati, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Niseme kweli?"

"Sema kweli," Mama akasema. "Leo ni leo."

"Basi Mama, ziba masikio."

"Nimeziba," Mama akasema, mikono yake ikiwa palepale mapajani.

"Bibi Vasli, supu ya mke wangu ni tamu kuliko ya Mama. Tangu mwaka juzi. Sijamwambia Mama, na mke wangu sijamwambia pia, kwa sababu napenda kuishi kwa amani. Naomba na wewe usiseme."

Salvika, ambaye alikuwa ameinua fimbo, hakujua afanye nayo nini. Mama aliitazama meza.

"Izibai," akasema hatimaye, "kuni zimeisha."

"Zimejaa pale, Mama, mpaka darini."

"Zimeisha."

Nilijua sauti ile. Ilikuwa ile ile ya ng'ombe anayekohoa. Izibai akavaa koti na kutoka kwenda kutafuta kuni ambazo hazikuwa zimeisha.

Mlango ulipofungwa, Mama akanyoosha mikono yake kwenye mwanga wa mshumaa, viganja chini, kama anayemwonyesha mtu kitambaa cha kuuza.

"Bibi Vasli," akasema, "wewe ni wa zamani kuliko sisi sote. Nikuulize."

"Uliza," Salvika akasema.

"Kikaango changu unakijua. Chuma kile. Kinaingia tanurini na kutoka kila tabaka, na unakishika kwa mpini mrefu, mkono umenyooka, kwa sababu moto uko mbele. Tabaka la kwanza nakiinua. La pili nakiinua, lakini nauma meno. La tatu mikono inaanza hivi."

Na kweli, mikono ilikuwa inatikisika. Si sana. Kama majani upepo ukiwa mbali.

"Nani ameona?" nikauliza, nikasahau kunenepesha sauti. Mama alijifanya hakusikia.

"Hajaona mtu. Likikaribia la tatu, namtuma mtoto wa watu nje. Huwa nabuni. Nimeshabuni mpaka kikohozi cha ng'ombe. Mwaka jana kikaango kiliniponyoka, chapati ikaanguka sakafuni, upande wa malai chini. Nikaiokota, nikaifuta, nikaipaka siagi, nikampa Mzee Toktar aifanyie sala. Akasema hajawahi kula nzuri kama ile."

Nilikuwa nimekaa karibu na Mzee Toktar mwaka jana. Nilikula kipande cha chapati hiyo hiyo. Nikakiuma kifungo ili kicheko kisitoke.

"Sasa niambie," Mama akasema, na hakumtazama Salvika bali alitazama tanuri, "mwanamke aliyekuwa mwenye kikaango tangu ujana, akikiweka chini, anakuwa nani? Anakaa wapi? Nimeona wenzangu. Wakiweka chini kikaango, kesho wanaambiwa wakae dirishani wasisumbue."

Nikaogopa Salvika atavua kinyago na kulia. Hakulia. Aliuweka sawa mto wake mgongoni na kukohoa ile sauti yake ya kondoo.

"Anakaa juu ya tanuri," akasema. "Kwenye joto. Na anapiga kelele."

"Anapiga kelele?"

"Kazi ya jiko ina sehemu mbili. Kuinua na kupiga kelele. Kuinua ni ya mikono, mtu yeyote anaweza akifundishwa. Kupiga kelele kunataka aliyekula chumvi nyingi. Asipopiga kelele yeye, chapati itatoka kama ndara."

Mama alimgeukia taratibu. Pembeni ya mdomo wake palikuwa na kitu kinachojizuia.

"Na kama mkaza mwana mwenyewe ni kiziwi, kama nilivyosema?"

"Basi kelele ziwe kubwa."

"Hiyo ni amri yako, Bibi Vasli?"

"Ni amri yangu. Mpaka mwezi upevuke usiguse kikaango."

"Mimi ni nani nimkatalie Bibi Vasli," Mama akasema, akainama. Halafu akachukua maandazi mengine siniani, akatufungia kwenye kitambaa. Haya yalikuwa ya sungura. Tuliyala yote barabarani, tumesimama kwenye theluji, vinyago vimepandishwa kwenye paji.

Kabla hatujaachana Salvika akauliza, "Wifi, unadhani kanitambua?"

Nikatoa kifungo mfukoni nikamwonyesha. Alikitazama chini ya mwezi, akaguna, akaenda kulala kwake kama mtu aliyepona kichwa.

Asubuhi nilipofika, Mama alikuwa juu ya tanuri, kule kwenye kitanda cha matofali tunakolaza watoto na wagonjwa, amejifunika shali, mito mitatu mgongoni. Alikuwa kama malkia aliyepinduliwa akapewa kiti kizuri zaidi.

"Bibi Vasli kanikataza kushuka," akanieleza, bila hata kupepesa. "Ningekuwa na hiari yangu ningepika mwenyewe. Lakini mila ni mila."

Chini, Salvika alikuwa na mikono hadi viwiko ndani ya unga wa rai. Alikuwa amefurahi mno, nadhani furaha hiyo ilidumu mpaka tabaka la pili la chapati ya kwanza.

"Usimwage bado," Mama akasema kutoka juu.

"Limekauka, Mama."

"Limekauka juu. Chini linalia. Sikiliza."

"Sisikii kitu."

"Nilisema huyu ni kiziwi."

Salvika akamwaga. Uji wa oti ukazama katika unga mbichi, na kilichotoka tanurini hakikuwa chapati wala uji. Tuliwapa mbwa, na mbwa wetu mkubwa akakinusa kwanza. Chapati ya pili aliisogeza karibu mno na makaa, ikashika moto ukingoni.

"Si kule kwenye makaa," Mama akapiga kelele. "Mdomoni mwa tanuri. Moto uwe nyuma, miali ipite juu. Chapati haipikwi chini, inapikwa kwa juu, kama uso wa mtu anayeota jua. Geuza kikaango. Kwa upande wa pili. Upande wangu wa pili, si wako."

"Mama, upande wako ni upi ukiwa huko juu?"

"Ule ule niliokuwa nao nikiwa huko chini."

Izibai alitia kichwa mlangoni, akasikia, akakitoa.

Nilikuwa natwanga mbegu za katani za kutia kwenye siagi, na nilimwona Salvika akijifuta jasho kwa kiwiko, masizi ya jana bado yako kwenye kucha. Nilidhani atatupa kitambaa chini. Lakini chapati ya tatu, alipofika tabaka la juu, aligeuka akainua macho kwa Mama. Hakuuliza kwa mdomo. Na Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo katika hatua hii alikuwa na ng'ombe wa kutazamwa, aliinama kutoka kwenye mito yake mpaka nikaogopa ataanguka.

"Malai usiyamwage kote," akasema kwa sauti ndogo. "Weka katikati, kisha yasukume na mgongo wa kijiko. Yaache yafike ukingoni yenyewe. Sasa ingiza. Mkono unyooke. Unaona inavyochemka pembeni? Ikipata madoa kama mgongo wa kware, toa. Bado. Bado. Toa."

Salvika akatoa. Mikono ilimtetemeka kwa uzito, ingawa ni ya kijana. Akaiweka mezani, akaipaka siagi kwa unyoya wa bata, nasi watatu tukaitazama.

"Ina matuta upande mmoja," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Pika nyingine."

Wageni walikuja saa ya mchana, baada ya kutoka msituni kwenye miti mitakatifu, mashavu mekundu. Mzee Toktar, ambaye ndiye hutuongozea sala, alisimama na kofia yake nyeupe, akaomba mifugo, nyuki, watoto na amani kwa walio mbali, akakata kipande cha kwanza na kukitupa motoni. Kisha tukakaa. Akala. Ana kawaida ya kula amefumba macho.

"Okaliche," akasema, bado kafumba, "mkono wako hauzeeki."

Salvika alikuwa amesimama karibu na tanuri na sinia tupu. Izibai alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaamua kutazama chapati.

"Huo si mkono wangu," Mama akasema kutoka juu. "Ni wa mkaza mwana wangu."

Wanawake wa upande wa dirisha, wale wa sufuria baridi, wakaacha kutafuna.

"Wangu ungekuwa na chumvi kidogo zaidi," Mama akaongeza.

"Ni kweli, ya mwaka jana ilikuwa na ladha nyingine," Mzee Toktar akasema, akifikiri. "Ilikuwa na kitu, sijui, kama mtama uliokaangwa. Kilikuwa kinalia menoni kidogo. Ulitia nini?"

Sikuthubutu kumtazama Salvika. Nilijua akinitazama sote tumekwisha.

"Nilijaribu kitu kipya," Mama akasema. "Lakini hakipatikani kila mwaka."

Walikula zote, wakaomba nyingine, na Salvika akarudi kwenye unga mara mbili. Mama alimpigia kelele mbele ya watu wote, mpaka bibi mmoja akauliza kama huyu mkaza mwana haoni uchungu kusemwa hivi. Salvika akajibu bila kugeuka, "Bibi, ningoje kwanza anyamaze, ndipo nitaona uchungu."

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka na Izibai kalala mezani kichwa juu ya mikono, nilikuwa nakusanya vyombo. Salvika alikuwa ameketi kwenye benchi, amelegea kama nguo iliyoanikwa, anasugua viganja.

"Mama," akasema, "kikaango hicho ni kizito."

"Kizito sana," Mama akasema.

"Kesho ni kupika tena?"

"Kesho ni maandazi. Kijiji kizima kitakuja, wamesikia. Keshokutwa ni jibini. Sikukuu ni wiki nzima, mwanangu, ulidhani ni nini?"

Salvika akatoa sauti ya kondoo mwenye mafua, safari hii bila kujifanya. Mama akauvuta mto mmoja, akajisogeza kuelekea ukutani, akapiga matofali ya moto kando yake kwa kiganja.

"Panda basi," akasema. "Lakini miguu yako ya baridi isiniguse."